Bado Anaonekana

"Wifi, vazi likiachia huko nje, mtu anakaa muda gani?"

Fundi alikuwa anapaka gundi kwenye goti la vazi la angani, brashi ikamsimama mkononi. Aliyeuliza, mke wa Masihara, hakumtazama. Alikuwa benchi la pili, mwanawe mgongoni, anachomoa nyuzi kwenye mavazi yaliyochakaa ili zitumike tena. Kazi hiyo alipewa juzi tu. Ofisi ilimwambia mumewe halali tena chumbani, na chumba hicho ni cha watu wanaofanya kazi.

"Sijui, wifi," alisema fundi.

Muongo mkubwa. Alijua vizuri sana. Mtu hamalizi hata kumwita mama yake.

Hawakuwa ndugu wa damu, hawa wawili. Waliitana wifi kwa sababu mdogo wake fundi na Masihara walikuwa wafuta vioo wa kamba moja, na watu wanaoshikiana kamba huko nje ni ndugu, wapende wasipende. Kituo chao kilizunguka Shimo Jeusi: mbali kiasi cha kutomezwa, karibu kiasi cha matajiri kusafiri safari ndefu angani waje kulitazama huku wanakula. Ukumbi wao una ukuta mzima wa kioo. Vumbi la angani likikishika, wageni hunung'unika, na wakinung'unika kina Masihara huvaa, hutoka nje, hufuta. Masihara alipenda kuwafanyia vituko kutoka upande wa pili wa kioo, anajidai kuonja supu zao kwa kijiko cha hewa. Hata watoto wa wageni walimjua.

Kisha siku moja bega la vazi lake likaachia. Hewa ikafoka ikamrusha, kamba kuukuu ikakatika, na Shimo likamvuta.

Ingekuwa kwingine, angepotea machoni, watu wakalia, yakaisha. Lakini Shimo lile huvuta hata mwanga. Mwanga wa mtu anayeliangukia hupanda kwa shida, huchelewa, na sisi wa juu tunamwona anaanguka polepole, polepole zaidi, mpaka anaganda pale ukingoni, mwekundu, mikono kaitanua. Wataalamu wanasema ataonekana hivyo miaka na miaka. Mwenyewe alishakwenda, kilichobaki ni sura yake.

Na kanuni ya kituo, iliyotungwa na watu wasiofuta hata miwani yao wenyewe, inasema mtumishi anayeonekana yuko kazini.

Hapo ndipo mke wa Masihara alipokwama. Familia ya mtumishi haipandi meli ya kurudi nyumbani mpaka mkataba wake uishe, au afe. Ofisi ilisema Masihara hajafanya lolote kati ya hayo. Na yule mtoto alizaliwa humu kituoni, ambamo mtu hana uzito wa maana, akawa na mifupa laini. Daktari hakuficha: apelekwe ardhini na meli hii, akakanyage chini mifupa ikiwa bado inakubali kufundishwa. Akingoja meli nyingine, kutembea asahau. Meli inaondoka kesho.

"Msimamizi anataka uthibitisho kwamba amekufa," alisema mke wa Masihara. "Nikamwambia bosi, mtu hali, hanywi, hajageuza hata shingo tangu aanguke. Akaniambia, hata mimi nikiwa kazini sigeukigeuki." Akacheka kidogo, cheko la kukaribia kulia. "Yaani wananichezea, wifi. Na mimi sina pa kwenda."

Fundi aliinama juu ya goti la lile vazi. Uthibitisho alikuwa nao yeye.

Mshono wa bega hupakwa gundi mara tatu, ndivyo alivyofundishwa. Mwaka huu msimamizi alisema mara mbili zinatosha, kisha akasema mara moja, mbona mnapaka kama mnakula siagi ya bure. Siku moja kabla ya ajali, fundi alipofika kwenye vazi la mdogo wake, mkono ulikataa kuishia moja. Akapaka mara tatu. Kopo likaisha. Vazi lililofuata kwenye msumari lilikuwa la Masihara. Alikwangua kopo, akapitisha brashi kavukavu, akajiambia kesho nitalirudia, akalitundika. Kesho yake wageni wakanung'unikia vumbi.

Tangu hapo kila mdogo wake akirudi kutoka nje na kusema, "Dada, nipo," anafurahi, halafu anajichukia kwa ile furaha.

Mtoto alilia. Mama akamshusha kumbadilisha nepi, na fundi akaiona ile miguu, inaning'inia kama soksi zilizoanikwa. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Nishikie kazi, wifi," alisema. "Narudi sasa hivi."

Msimamizi alikuwa ofisini kwake anakata kucha.

"Hodi, bosi."

"Karibu. Gundi hakuna."

"Sikuja kuomba gundi. Masihara amekufa."

"Pumzika, fundi. Nimemwona asubuhi hii nikiwa na wageni. Wamempiga picha."

"Vazi lake liliachia bega. Nililishona mimi, na halikuwa na gundi. Hewa ikishatoka hakuna anayebaki hai, hata wewe unajua. Alikufa palepale juu, kabla hajafika huko chini. Mwache mkewe apande meli."

Msimamizi aliweka mkasi mezani. "Kwa nini halikuwa na gundi?"

"Kwa sababu mnayotupa haitoshi."

"Haitoshi? Na la mdogo wako? Kamba ileile, siku ileile, limetoka salama. Ulilipaka mara ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nilisema ngapi?"

"Moja."

"Unaona sasa. Gundi ilimtosha kila mtu. Wewe ukachukua ya mwenzio ukampa ndugu yako."

Kilichomkata maini ni kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomzuia kumtukana.

"Basi nifunge mimi, bosi. Nimekosa. Ila yule mama aende, mtoto atalemaa."

"Nikikufunga nani atashona? Na nikikiri kwamba vazi liliachia, wageni watauliza vazi gani, gundi gani. Watu wanakula pale, fundi. Masihara yuko kazini, hilo tuliache." Akasimama, akanyoosha shati. "Ila hili la upendeleo siwezi kulifumbia macho. Hiyo ni dhuluma."

Walirudi pamoja chumba cha kushonea. Mke wa Masihara alipomwona msimamizi mwenyewe anaingia, alisimama haraka, uso umechangamka kwa matumaini. Msimamizi alimpita. Akalitungua vazi la mdogo wake fundi kwenye msumari, akalibwaga mezani.

"Kila mtu mara moja," alisema. "Zilizozidi zibandue."

"Gundi ikikauka haipakiki tena, bosi. Haitamfaa mtu mwingine."

"Itupwe. Usawa ni usawa. Na fanya haraka, mdogo wako anatoka sasa hivi. Wageni wanalalamika kioo kina vumbi, Masihara haonekani vizuri."

Mke wa Masihara aliwatazama wote wawili. "Wifi, ulikwenda kusema nini?"

Fundi alimwambia. Hakupunguza, hakujitetea: nilimnyima mumeo gundi nikampa mdogo wangu, na nimekwenda kusema ili uondoke, na huondoki. Alitamani apigwe. Alitamani hata kutemewa mate. Yule mama alimpapasa mtoto mgongoni kana kwamba ndiye aliyeambiwa.

Fundi alishika kisu. Gundi ya mara tatu ni ngumu, na vazi halikuwa na uzito. Kila alipokwangua, lilitelezea upande wa pili wa meza. Akajaribu tena, likateleza tena.

"Mshikie," msimamizi alimwambia mke wa Masihara. "Umekaa bure."

Mke wa Masihara alisogea, mtoto akining'inia mgongoni. Akaliweka lile bega sawa, akalikandamiza mezani kwa mikono yote miwili.

"Bandua, wifi," alisema.