Sura ya Mizania

Firmin hakuwa mjinga, msije mkamsingizia. Mtihani wa uhasibu ulimwangusha mara ya kwanza kwa sababu ya wembe. Shuleni kwa mapadri wanafunzi walisifiwa kwa daftari safi, basi kila alipokosea alikwangua wino kwa ncha ya wembe, akaandika upya pale pale, tena kwa mwandiko mzuri. Wasahihishaji walihesabu makwaruzo kumi na moja, wakampa sifuri. Katika vitabu vya hesabu, kukwangua ni kughushi.

Alibakiwa na nafasi moja tu ya kurudia. Akiikosa, angetolewa ofisini kule mtaa wa Panda na kurudishwa boharini kubeba magunia, na mji mzima wa Likasi ungejua.

Aliyejitolea kumfundisha ni Evariste, karani mwenzake, Mluba wa Kasai aliyefaulu mtihani huo huo miaka mitatu nyuma. Kila jioni walikaa barazani kwake.

"Ukikosea, piga mustari moja mwekundu, andika ya kweli pembeni," Evariste alimwambia. "Kosa, uache lionekane."

Mkono wa Firmin ulikaidi. Wiki nzima ulikuwa ukipapasa mfukoni kutafuta wembe bila mwenyewe kujua.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo, na watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa. Kila jioni Firmin alikuta kitu kimepungua pale kwa Evariste: leo kabati limeuzwa, kesho meza, mwisho wakawa wanasomea juu ya sanduku la sabuni. Aliona yote, akanyamaza. Aliogopa kwamba akiigusia habari hiyo, masomo yatakatika. Alikuwa na roho ndogo siku zile, nami simtetei.

Ikabaki sura moja, ya mizania. Ndipo Evariste akamwambia kwamba treni ya wakimbizi itaondoka Jumanne, naye atapanda na mkewe Germaine, ambaye wote walimwita mama Georgette kwa jina la bintiye, na watoto.

"Yaya, kaka yangu, ungoje ile ya wiki ingine," Firmin alisema, macho chini. "Bilan, hii mizania, minye siielewi. Bila weye nitaanguka tena."

Evariste alitazama ndani, ambako Germaine alikuwa akifunga mafurushi.

"Bon. Wiki moja," alisema. "Lakini mama Georgette, usimwambie kama tunangoja ni juu yako. Atakuchukia bure."

Treni ya Jumanne ikaenda bila wao. Jumamosi vijana wa chama kilichotawala Katanga waliingia mtaani na marungu na minyororo ya baiskeli. Evariste alifia mlangoni pake, akiwazuia wasiingie walimo watoto. Alizikwa kesho yake kwa haraka, na watu wachache.

Jumatatu Firmin alifanya mtihani. Mizania aliijua yote. Alikosea mara mbili, akapiga mistari yake miwili myekundu, akaendelea. Alipotoka alijua kwamba amefaulu, akajichukia kwa kulijua hilo.

Jumanne alikwenda stesheni kumsaidia Germaine kupandisha mizigo. Germaine aliketi dirishani, Georgette amelala mapajani pake, akamwita Firmin asogee.

"Weye ulikuwa rafiki yake," alisema. "Treni ya kwanza tulikuwa na nafasi. Alikuwa anangoja nini?"

Firmin alimtazama usoni.

"Sijue, mama Georgette."

Germaine alitikisa kichwa polepole, akamshukuru kwa kubeba mizigo, kisha treni ikaondoka.