Mapenzi ya Kufa Pale Lagangabilili

Nyamizi hakuwa na ugomvi na kufa. Mwalimu Januarius, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa parokia ya Lagangabilili tamthilia ya kale ya Kizungu, alishamweleza kwamba binti anayemwigiza lazima afe, mpenzi wake naye afe, na watazamaji walie. Kilichomkera Nyamizi ni haraka yao. Wamekutana kwenye sherehe, kesho yake wamefunga ndoa kwa siri, na wiki haijaisha wote wako kaburini.

"Mwalimu, kwani hawa hawakuwa na shangazi?" aliuliza siku ya kwanza ya mazoezi.

"Ni mapenzi, Nyamizi."

"Shangazi mmoja tu angetosha."

Mwalimu alijifanya hakusikia. Alikuwa amehangaika vya kutosha kuuleta mchezo ule Itilima. Zile familia mbili zenye uhasama alizifanya wacheza ngoma wa vyama vya Bagika na Bagalu, ambao wakikutana uwanja mmoja kila upande hupigania umati wa mwenzake, na waganga wakiwa nyuma yao. Hapo kila mtu akaelewa bila kufafanuliwa kwa nini watu wazima wanaweza kuchukiana kiasi kile.

Nyamizi angeshaacha mazoezi zamani kama si Luhaga, fundi pikipiki, aliyecheza kama mpenzi wa yule binti. Wawili hawa walikuwa wapenzi wa kweli tangu mavuno ya mwaka juzi, na hakuna aliyekuwa hajui. Jukwaani Luhaga alikuwa moto. Alipiga magoti, alitetemeka, aliapa kwamba dunia isiyo na Nyamizi yeye haitaki hata bure. Akishuka jukwaani, ukimtajia habari ya kutuma washenga, anainama kukagua tairi. Tusubiri pamba iuzwe, alisema. Pamba ikauzwa. Tusubiri mvua. Mvua ikanyesha mpaka ikakatika.

Sasa kulikuwa na mgane mmoja wa Nyalikungu, mwanamume mwenye duka, ambaye washenga wake walishafika kumposa Nyamizi na kukaribishwa vizuri. Baba yake Nyamizi, mzee Bundala, hakumlazimisha binti yake. Alimwambia tu, "Huyo wako kama yupo, aje. Mimi siwezi kumkubali mtu ambaye hajabisha hodi." Jibu la kupeleka Nyalikungu lilikuwa linangojwa baada ya mchezo. Nyamizi aliogopa, na alijua anachoogopa: kwamba maneno yale ya jukwaani ndiyo yote Luhaga aliyokuwa nayo.

Jumapili alasiri uwanja wa parokia ukajaa. Mambo yalikwenda vizuri hadi mwisho, Nyamizi alipolazwa juu ya meza na kufunikwa kitenge. Kwenye mchezo, binti huyo amekunywa dawa ya usingizi, na mpenzi wake hajui, anadhani amekufa. Luhaga akaingia, akalia vizuri sana, kina mama wa mbele wakaanza kufuta macho. Akainua kibuyu cha sumu, ambacho ndani kilikuwa na juisi ya ukwaju.

Mzee Bundala akasimama.

"Nsumba," alisema, kama wazee wanavyomwita kijana, "ngoja kwanza. Huyo mzima. Kitenge kinapanda na kushuka."

Watu wakacheka. Mwalimu Januarius akachungulia nyuma ya pazia. "Mzee wangu, tafadhali, huu ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Mimi nimecheza Bagalu tangu ujana wangu, na mtazamaji akiniuliza neno uwanjani, nilikuwa namjibu."

Watu wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo, maana pale hakuna aliyewahi kutazama ngoma akiwa amefunga mdomo.

"Basi namuuliza huyu anayetaka kumfia mwanangu. Kabla hujafa, baba, umetuma washenga?"

Chini ya kitenge Nyamizi aliacha kupumua kabisa, akawa maiti mzuri kuliko alivyowahi kuwa kwenye mazoezi. Alitaka neno moja tu. Hata "nitatuma" lingemtosha, angelikubali na kulibeba mpaka nyumbani.

"Mjibu mzee," bibi mmoja alisema kwa upole.

Luhaga akamtazama mzee, akautazama umati, akamtazama Mwalimu. Kisha akapeleka kibuyu mdomoni, akanywa ukwaju wote, akaanguka. Hotuba yake ndefu ya kuaga dunia, ile aliyoikariri miezi mizima, aliiruka yote.

Nyamizi akaketi. Kwa mujibu wa mchezo alitakiwa kumkumbatia marehemu, kisha achukue kisu cha mbao ajichome. Akamtazama. Kope zilikuwa zinacheza na ukwaju ulikuwa unamtiririka kidevuni.

"Luhaga," alisema, kwa jina lake halisi. "Baba ameuliza."

Maiti akakaza kope.

"Na mimi nauliza."

Inzi akatua kwenye midomo ya Luhaga, akatembea atakavyo. Luhaga hakutikisika.

"Huyo amekwenda," mtu alisema kutoka nyuma, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

Nyamizi akashuka mezani, akakunja kitenge chake taratibu, akakitia kwapani. Kisu akakiacha palepale.

"Nyamizi," Mwalimu akanong'ona akiwa nyuma ya pazia, "bado hujafa."

"Najua, Mwalimu."

Akapita katikati ya watu, nao wakampigia makofi, wakidhani ndivyo mchezo unavyokwisha. Wengi walisema baadaye kwamba ulikuwa mwisho mzuri. Luhaga aliendelea kufa mpaka viti vikaanza kukusanywa.

Baba na binti walishika njia ya nyumbani. Mzee Bundala alikohoa mara kadhaa kabla ya kuuliza.

"Na wale wa Nyalikungu, niwajibuje?"

"Waambie wasubiri, baba. Mimi leo nimefiwa."

Kisha akalia, kilio cha kweli, na mzee akapunguza mwendo ili waende pamoja.