Bwawa la Mchunga Vyura

Mume wangu analinda bwawa lisilo na maji, na ndiyo kazi aliyopewa. Sisemi kwa kumkejeli. Wa kumkejeli wapo mtaa mzima. Bwawa lenyewe ni tuta la udongo lililoziba bonde juu ya nyumba zetu. Ndani yake hupita kijito cha kuvukwa kwa hatua moja, na upande wetu kuna matete mengi ambamo maji hupunguza mbio kabla ya kufika mtaani. Chini ya tuta kuna lango la chuma linaloendeshwa kwa gurudumu, na mwaka mzima huwa wazi. Yeye hufyeka nyasi, huziba mashimo ya fuko, hung'oa miche kabla mizizi haijatoboa tuta, kisha hurudi nyumbani hoi. Watu wakamwita Mchunga Vyura.

Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi ndicho cha mwisho bondeni. Wateja walikuwa wakiniuliza huku nawapima viuno, "Vyura hawajambo?" Nacheka, lakini moyoni naungua. Pini ziko mkononi na mteja yuko karibu. Mungu anajua nilivyojizuia.

Mume wangu alikuwa kibarua kwa miaka miwili. Ndipo ikaja habari kwamba mhandisi kutoka ofisi ya maji atafika Jumatano kukagua bwawa, aamue kama ataajiriwa au aondoke. Kabla ya hapo aliitwa mjini kwenye mafunzo ya siku mbili. Akaniachia ufunguo wa kufuli la lango.

"Inyeshe isinyeshe, usiguse gurudumu," akaniambia.

"Niliguse la nini?" nikamjibu.

Jirani yangu anauza mitumba, tunamwita Mama Redio kwa sababu matangazo yake hayana saa ya kufunga. Alinikuta nikipiga pindo la sketi.

"Shoga, huyo mkubwa akija kukagua bwawa ataona nini? Matope na vyura? Hata ningekuwa mimi ningemfukuza mumeo."

Sikio la kufa halisikii dawa, ila hili langu lilisikia sumu upesi sana. Nikachukua ufunguo, tukapanda wote wawili, tukazungusha gurudumu mpaka mikono ikauma na lango likafungika.

Siku ile ile ikanyesha vilimani. Kufikia Jumanne bwawa lilikuwa limetanda, na jamani, lilipendeza. Bata wakaja, sijui kutoka wapi. Watu wakapanda kupiga picha. Fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyetunga lile jina la vyura, akaniamkia kwa heshima. Nilitembea juu ya tuta kama bibi harusi.

Jumatano asubuhi mume wangu akafika na mhandisi, mwanamke mfupi mwenye buti ndefu. Nilikuwa nimewatangulia pale juu, nimevaa gauni jipya, nangoja pongezi. Mhandisi akatazama maji. Akatazama nguzo ya vipimo iliyokaribia kuzama, kisha mawingu yaliyobanana juu ya vilima.

"Nani amefunga hili lango?"

Mume wangu akanitazama. Tumeoana miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumwona ameogopa hivyo.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe? Tumetangaziwa mvua kubwa leo, na wewe mlinzi unajaza bwawa? Basi kazi hii haikufai."

Nilihisi aibu mpaka miguuni. Mtu alikuwa anatupa kazi yake mbele ya macho yangu ili mimi nisitazamwe vibaya.

"Anadanganya," nikasema. "Hakuwepo. Nimefunga mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka umkute ana maji."

Mhandisi akashusha pumzi. "Dada, hili tunalitaka tupu. Sasa mvua ya leo itakaa wapi? Chumbani kwako?"

"Chumba changu ni kile pale," nikamwonyesha.

Nikakimbilia gurudumu ili nifungue lango lote. Mume wangu akanishika mkono.

"Taratibu. Udongo umelowa. Maji yakishuka ghafla, tuta litaporomoka upande wa ndani."

Akazungusha robo. Akashuka chini kuangalia maji yanayochuruzika kwenye kitako cha tuta, kama ni meupe au yana matope, maana matope ni dalili kwamba tuta linaliwa ndani. Meupe. Akapanda, akasoma nguzo, akangoja, akazungusha robo nyingine. Mhandisi alikunja mikono akamwacha. Mama Redio, aliyekuwa amepanda kutazama, nikamtuma mtaani atangaze kila mtu apandishe vitu vyake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza sauti ile ikatufaa. Nami nikabaki nimeshika mwamvuli juu ya kichwa cha mume wangu, nikiomba kimoyomoyo.

Saa tisa mvua ikashuka kweli. Bwawa lilikuwa limeshuka hadi nusu. Maji ya kahawia yakaja kutoka vilimani na kupanda tena, yakapita mstari mmoja wa nguzo hadi mwingine, mpaka ikabaki shibiri moja yamwagike juu. Hapo yakasimama. Yaliyotoka langoni yaliyalaza matete, yakatawanyika humo, yakafika mtaani yamechoka.

"Huyu namwajiri," mhandisi akasema, maji yakimtiririka puani. "Ila ufunguo autafutie mahali pengine pa kuuweka."

Sikubisha.

Siku ya tatu asubuhi Mama Redio akaingia chumbani kwangu, amevaa viatu vyake vya kitambaa, vile vyeupe vya kutokea.

"Shoga, umepanda kule? Limekauka tena. Bata wote wameondoka. Sasa huyo mumeo wameajiri alinde nini?"

"Umepita njia gani kuja hapa?" nikamuuliza.

"Si hii ya bondeni, ya siku zote."

"Na viatu hivyo?"

Akatazama viatu vyake, havina hata tone la tope. Akatazama sakafu yangu kavu na majora ya vitambaa yaliyopangwa chini. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaniuliza mume wangu atarudi saa ngapi amsalimie.