Laptop Iliyolala Tangu Pasaka

Mjukuu wangu Evelyn alipewa hadi Jumatatu. Vijana wa Upanga wanaotengeneza gemu walimpa nafasi ya kujifunza kwao miezi sita, na mwisho wa barua waliandika kwamba kila mmoja aje na laptop yake yenye uwezo wa kuendesha gemu. Asiyekuwa nayo Jumatatu asubuhi, nafasi yake itakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Barua ilikuja Alhamisi. Ijumaa nilitoa akiba yangu, milioni moja na laki sita, na Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika Kariakoo.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Miaka thelathini na moja niliuza vitenge mtaa wa Mchikichi, mpaka magoti yaliponiambia nikapumzike nyumbani Buguruni. Kompyuta sizijui, lakini kununua kitu Kariakoo najua.

"Bibi, hii si kitenge," Evelyn alisema.

"Najua. Kitenge hakina chaja. Hebu nieleze tena kinachotakiwa."

Alinieleza tukitembea. Kila tulipovuka barabara alinishika mkono, halafu akauachia kama vile hakuushika. Alisema laptop ya kawaida ina fundi mmoja anayefanya kazi zote. Yeye ndiye anayeandika, anayehesabu na anayechora. Laptop ya gemu ina fundi wa pili, na kazi yake ni kuchora tu. Huyo ndiye wanayemwita kadi ya picha. Asipokuwepo, gemu inakwama. Halafu RAM, ndiyo meza yao ya kufanyia kazi, iwe kumi na sita, au pawe na nafasi ya kuongeza. Vingine vyote ni mapambo.

"Hapo sasa umesema kitu," nikamwambia.

Mfukoni alikuwa na flash yenye gemu aliyoitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta ya mjomba wake Benedict, ambayo huzimika kila robo saa. Mimi gemu hiyo sikuwa nimeiona. Aliniambia nitaiona siku itakapopata mahali pa kukimbia.

Kosa la siku ile lilikuwa langu. Mtaa wa Aggrey tulikuta kijana wa miaka kama arobaini akifungua mlango wa chuma wa duka lake, simu ameibana begani, anaongea Kikibosho, Kichaga cha kwetu. Mtu wa Kibosho akisikia lugha ya nyumbani katikati ya Kariakoo, miguu inaingia dukani kabla ya akili. Jina lake Rogath. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akakifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Karibu mama yangu. Leo wewe ndiye unayenifungulia siku."

Hapo nikajua nimejifunga. Aliyefanya biashara anaelewa kwamba mteja wa kwanza si mteja tu. Akinunua vizuri, siku inakwenda vizuri. Akishikashika vitu, akashusha bei, kisha akaondoka mikono mitupu, muuzaji atamtaja hadi jioni. Mimi mwenyewe niliwahi kumnunia mama wa watu wiki nzima kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, mteja wa kwanza huachiwa bei nzuri, na ndiyo sababu nilimwamsha Evelyn alfajiri. Nilisahau kwamba unakuwa wa kwanza kwenye duka ambalo umeshajua utanunua, si kwenye duka la kubahatisha.

Rogath alituwekea mezani laptop nyeusi yenye picha ya tai kwenye mfuniko. Alipoiwasha, herufi zote zikawaka taa nyekundu, zikageuka kijani, zikageuka zambarau.

"Hii ndiyo vijana wanayoigombania," alisema. "Kwa sababu mama ndiye ananifungulia, milioni moja na nusu. Mwingine yeyote simpi."

Evelyn alibonyeza hapa na pale, akafungua ukurasa wenye maandishi madogo, akausoma. Kisha akanikanyaga kidole kidogo.

"Fundi ni mmoja," akaninong'oneza. Kwa Rogath akasema, "Anko, naomba niweke flash yangu niijaribu."

"Asubuhi yote hii, mdogo wangu, tuanze na majaribio? Si unaziona hizo taa? Rangi saba hizo."

"Taa naziona, anko. Nataka nione inavyokimbia."

Aliichomeka. Kwenye kioo yakaja maji ya tope na mguu wa mwanamke ulioinuliwa. Mguu ule haukutua. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, na mguu bado uko juu.

"Labda hiyo gemu yenyewe ni nzito," Rogath alisema.

"Ndiyo kazi yenyewe, anko," Evelyn akajibu kwa sauti ya chini.

Kitabu cha risiti kilikuwa kimeshafunguliwa, kalamu iko juu yake. Nilimwangalia Evelyn nikaona yuko tayari kuichukua mashine ile, si kwa kuitaka, bali kwa sababu yangu, asinione naaibika mbele ya mtu wa nyumbani. Mtoto huyu ana tabia hiyo toka mdogo. Nikatazama huku na huku, nikaona rafuni kile kidude cha waya wanachokiita kipanya.

"Rogath mwanangu, kipanya hicho shilingi ngapi?"

"Hiki? Elfu ishirini na tano, mama."

"Nifungie."

Alinitazama. "Hushushi hata kidogo?"

"Wa kwanza hashushi."

Alizipokea zile noti kwa mikono miwili, akaandika risiti, akaikata. Mabega yake yakashuka. Siku yake ilikuwa imeshafunguka, na mimi nilikuwa huru kuondoka. Ila sikutegemea kwamba na yeye atakuwa huru.

"Mdogo wangu, ngoja nikuambie ukweli," alimwambia Evelyn, akifunga ule mfuniko wa tai. "Hii ina taa tu. Mtu wa kutazama mpira jioni inamtosha. Wewe itakukwamisha. Pandeni lile jengo la kijani, ghorofa ya tatu, kwa Mama Pranav. Ana mashine imelala pale tangu Pasaka. Aliniletea nimuuzie nikakataa, maana sura yake haivutii. Labda ni yenu."

Akaacha duka lake wazi, akatuvusha barabara hadi kwenye ngazi.

Zilikuwa ngazi nyingi. Kila zilipopinda, Evelyn alisimama kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na kila mara hakukipata hadi nilipokuwa nimepata pumzi. Sikumwambia kwamba nimegundua. Nilikuwa nawaza kwamba bahati yangu ya mteja wa kwanza nimeiacha chini, imenunua kipanya.

Mama Pranav ni mwanamke wa umri wangu, jina lake Lilavati. Tulimkuta amevaa sari ya bluu, miwani ikining'inia shingoni, bisibisi mkononi, mbele yake kompyuta imefunguliwa tumbo. Evelyn alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Kaeni. Msinitazame hivyo, mimi ndiye fundi. Duka alifungua mwanangu, akaoa, akahamia Mwanza, akaniambia niuze vitu nifunge. Nikamwambia afunge nani? Kila skrubu humu naijua mimi."

"Mimi ni Mama Steven," nikasema. "Naomba ile laptop ambayo vijana wanaipita."

Alivaa miwani ili anitazame vizuri. "Nani kakwambia ninayo?"

"Kuna kijana hapo chini. Lakini hata asingeniambia, kila duka linayo. Kwenye vitenge, ni jora lililokaa dirishani. Mkunjo wa nje umepauka na jua. Watu wanaona ule mkunjo, wanaondoka. Ukilikunjua, ndani jipya."

"Baba mkwe wangu aliuza khanga," alisema, akainuka. "Jora hilo nalijua."

Alirudi na kitu cha kijivu, kinene, kizito kama tofali, mfuniko una mikwaruzo. Hakikuwa na taa hata moja. Alisema kilitoka kwenye ofisi ya wachoraji wa majengo, nao walikitunza vizuri ndani wakakiburuza nje. Evelyn alifungua ukurasa wake wa maandishi madogo, akasoma. Safari hii hakunikanyaga.

"Mafundi wawili, Bibi."

"RAM ni nane," Lilavati akaongeza, "lakini nafasi ya pili iko wazi, nitaweka nane nyingine sasa hivi. Na betri nawaambia kabla hamjauliza. Dakika arobaini, basi. Hii ni ya kukaa karibu na umeme."

Nilimpenda kuanzia pale. Muuzaji anayetaja ubovu kabla hujauona, hana mwingine anaouficha.

"Tuijaribu nusu saa," nikasema. "Cherehani iliyotumika haijaribiwi dakika mbili. Kama ina ugonjwa, ugonjwa unasubiri ipate moto."

"Jaribuni saa nzima. Mnaona foleni hapa?"

Akaiongezea RAM mbele yetu, kisha akaenda kuchemsha chai ya tangawizi. Evelyn akachomeka flash.

Yalikuja maji yale ya tope, na mara hii nikayatambua. Lilikuwa bonde la Jangwani, mvua inanyesha, na mama mmoja wa kitenge cha kijani amejitwika robota kichwani, anatakiwa avuke kabla maji hayajapanda. Anashika nguzo, anatafuta jiwe, anaendelea. Enzi tunakaa Magomeni niliwahi kuvuka hivyo, na mzigo ule ndio uliokuwa mtaji wangu wote. Nilimsimulia Evelyn habari hiyo mara moja tu, akiwa na miaka saba, ninamsuka nywele. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Mguu ule ulioganda kwa Rogath sasa ulitua. Ukafuata wa pili.

Lilavati alisimama nyuma yetu na vikombe. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Huyu anatembea kama wewe."

Evelyn hakuinua macho. "Nilimwangalia akishuka ngazi za kanisani," alisema. "Anatanguliza mguu wa kulia."

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa ya moto sana lakini niliinywa hivyo hivyo.

Saa nzima ilipita. Maji yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, na gemu haikukwama hata mara moja. Niliingiza kiganja chini ya mashine. Ilikuwa na joto la mkate uliopoa kidogo, si la pasi. Feni ilikuwa inapumua tu.

"Bei gani?" nikauliza.

"Milioni moja na laki saba, pamoja na RAM."

Nilikuwa na maneno mengi ya kushusha bei, nimeyatumia miaka thelathini na moja. Kwa mtu yule sikuona sababu ya kuyatumia. "Nina milioni moja, laki tano na elfu sabini na tano," nikasema. "Zilikuwa laki sita kamili, nyingine nimeziacha chini kwa kipanya."

"Cha waya? Elfu ishirini na tano? Mama Steven, kwangu kumi."

"Nilijua. Nilikuwa nanunua mlango wa kutokea."

Nikamweleza habari ya Rogath. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha macho yake yakaenda kwenye kona, mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa mali, ambapo kulikuwa na kitaa cha mafuta na udi uliokuwa unaelekea kuisha. Halafu akatazama saa ya ukutani.

"Saa nne inakaribia," alisema polepole. "Na hapa hajapanda mtu. Ngazi hizi hunizuilia wateja mpaka saa tano. Kwangu pia wewe ndiye wa kwanza."

Kuna wakati biashara inajiongelea yenyewe.

"Lete," akasema.

Alizigusisha noti kwenye paji la uso, akaziweka mbele ya kitaa. Kisha akachomoa elfu tano kutoka pochi yake, akanitia mkononi. "Nauli. Na wewe, mwanangu, usiitumie kitandani, godoro linaiziba pumzi. Iinue juu ya vitabu viwili. Joto la Dar haliihurumii mashine."

Evelyn aliifunga laptop ndani ya khanga yangu. Tulipofika chini, Rogath alikuwa anahudumia wateja wawili kwa pamoja. Aliona lile furushi, akaacha kuongea nao.

"Imeamka, mama?"

"Imeamka."

Jumapili baada ya misa nilicheza gemu ile kwa mara ya kwanza. Nilizama mara tatu. Nikamwambia Evelyn kwamba nguzo amezitenganisha mno, siku ile zilikuwa karibu karibu, na karibu na ya mwisho kulikuwa na mwanamume nisiyemjua aliyeninyooshea mkono. Hilo sikuwahi kumsimulia. Alikaa na mashine yake juu ya vitabu viwili, na kabla ya chakula cha jioni yule mwanamume alikuwa pale, amenyoosha mkono. Nikavuka.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Evelyn. "Bibi, wameipima, wamenikubali. Kuna mwenzangu ya kwake imekwama, amepewa siku mbili. Anauliza yangu nimeipata wapi."

Nilitafuta miwani yangu, nikamjibu amwambie jengo la kijani mtaa wa Aggrey, ghorofa ya tatu, ila awahi kupanda.