Mshika Waya

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Meneja mwenyewe analikubali hilo, ingawa hulikubali akiwa peke yake ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akiipita kona ya kwa baba yake bila kukata.

Mwimbaji alifariki Jumatano, huko ng'ambo, kwa uzee. Ni yule wa gitaa na kofia pana, aliyeimba habari za ng'ombe, treni na wanawake walioondoka. Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, alibisha hodi kwa fundi cherehani, baba yake Meneja, akavua kofia, akageuka kuonyesha mgongo. Suti aliyozikwa nayo ilikuwa imepasuliwa nyuma toka kola hadi kiunoni, kama wafanyavyo wavalishaji maiti wenye haraka zao.

Fundi alivaa miwani. "Aliyekata hapa," alisema, "kajifunzia kwenye magunia."

Akamshonea. Mwimbaji hakuwa na kitu mfukoni, marehemu wengi hawana, basi akashukuru kwa nyimbo tatu. Binti wa fundi, anayeishi na baba yake, alimwomba jambo moja tu: buti zibaki nje, kwa sababu sakafu kaipiga deki yeye.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili. Jirani mmoja alilalamika kwamba kofia inaziba mwanga dirishani. Ikasogezwa.

Habari zilimfikia Meneja kazini kupitia mlinzi wa getini, maana kwa baba yake huu ulikuwa mwaka wa nne hajakanyaga. Si kwa ubaya. Alikuwa na mikutano. Lakini aliposikia mgeni ni nani, moyo ulimruka.

Utotoni mwake, kipindi cha mwimbaji kilipoanza redioni Jumapili saa nne, baba alikuwa akiondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mteja aliyesimama akigomba. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu alfajiri ili zipate nguvu. Kazi ya mtoto ilikuwa kupanda juu ya kigoda na kushika waya wa antena, kwa sababu akiuachia tu, mwimbaji aligeuka mafuta yanayokaanga. Baba alimtafsiria. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, ila hakuwa mtu wa kukwamishwa na kitu kidogo kama hicho. "Anasema kijana wake kapanda treni," alisema, hata ungepigwa wimbo gani. "Anasema atarudi tu." Na mtoto alilia, mkono juu, waya haujaachiwa.

Basi Meneja alikwenda na gari lake kubwa, akaichukua redio ile ya zamani.

"Hii ndiyo inayomleta," alimweleza dada yake, akiifunga kwenye blanketi jipya. "Kwangu itapata heshima. Kuna zulia."

"Na baba?"

"Kwangu kuna ngazi. Baba atasumbuka."

"Mwache achukue," fundi alisema, sindano mdomoni.

Jumapili iliyofuata Meneja aliwaalika wakubwa wa ofisini. Viti vilikodiwa. Alitoa hotuba fupi kuhusu utoto wake, yenye machozi mawili, la pili likiwa la kweli. Saa nne kamili akawasha. Ikatoka sauti ya cherehani. Ukafuata mkasi. Kisha sauti ya baba yake, bado kijana: "Shika waya, mwanangu. Usiuachie." Redio haikusema kingine kwa nusu saa. Wageni walisikiliza kwa adabu, na Mkurugenzi akauliza kama kuna ubeti wa pili.

Meneja aliwaacha na soda zao, akaendesha moja kwa moja hadi kwa baba yake. Alimkuta mwimbaji kwenye benchi la wateja, ana soksi tu miguuni, gitaa mapajani. Redio haikuwapo na hakuna aliyeonekana kuihitaji. Mguu wa fundi ulikuwa nje ya pedali. Mwimbaji aliimba kwa lugha yake, na fundi akamtafsiria bintiye: "Anasema kijana wake kapanda treni." Mwimbaji aliitikia kwa kichwa. Alishazoea kwamba nyimbo zake zote zilisema hivyo.

"Kuna kitu mmenificha," Meneja alisema mlangoni. "Mmenipa ganda tupu."

"Kaka, viatu."

"Mimi ndiye niliyeshika waya! Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, unanyonya kidole. Zile Jumapili ni zangu. Huyu mtu alikuwa wangu kabla hajawa wenu!"

Mwimbaji aliangalia soksi zake. Fundi akaanza kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

"Njoo kwangu," Meneja alimwambia marehemu. "Nitakutumia gari."

Marehemu alishukuru sana, ila suruali yake bado ilikuwa na pindo la kushonwa.

"Haya, niambieni basi!" Meneja alipaza sauti. "Huyu mtu kwangu anashindwa nini kufika?"

Dada yake aliweka ndoo chini, akajifuta mikono.

"Kufika hakujamshinda, kaka. Huyu kafia ng'ambo, kazikwa, kafukiwa, na hajakosa Jumapili hata moja. Wewe mzima wa afya, unakaa vituo vitatu kutoka hapa."