Taa Nyekundu ya Mashine ya Pili

"Usifute kwanza," nilimwambia Adventina. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kompyuta.

Mjukuu wangu anatunza kompyuta za ofisi moja hapa Bukoba, na siku nyingine kazi humfuata mpaka nyumbani Nyanga. Zile kubwa ziko mbili, aliwahi kunieleza: moja ikianguka, ya pili inashika kazi kabla watu hawajajua. Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka misa, na mstari mwekundu ulikuwa umesimama kwenye kioo.

"Bibi, hilo ni kosa la juzi, limeshatengenezwa. Naondoa tu maneno ili paonekane pasafi."

Pasafi. Nikaweka chini kisu na ndizi niliyokuwa nikimenya.

Nilikuwa mfagiaji wa hospitali, huko Muleba, kwenye kilima ambacho nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Darasa la tatu ndilo langu la mwisho. Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanda chenye jenereta mbili, moja ya kazi na moja ya kungoja, na ukutani taa ndogo nyekundu iliyowaka ile ya kungoja ikiwa na hitilafu. Chini yake kitufe cheusi. Jagdish, fundi wa Kihindi aliyeongea Kihaya cha kuchekesha wazee, ndiye aliyenifundisha, kwa kuwa nilifagia humo kila asubuhi.

"Waitu mama," alisema kwa heshima ya Kihaya, "taa hii haisahau. Hata nikishatengeneza, itabaki inawaka mpaka uifute. Bonyeza mara moja. Isiporudi, ilikuwa habari ya zamani. Ikirudi, ni habari ya leo. Uniite, hata kama nimelala."

"Mkeo atakubali?"

"Nalini? Atakushukuru. Nakoroma."

Vita ilipokuja, mizinga ilisikika kwetu kama mtu anayeburuta magogo ng'ambo ya kilima. Jagdish alipeleka familia Mwanza, asirudi. Taa ikawaka miezi yote ile, mpaka fundi mmoja wa jeshi alipoitengeneza mashine na kwenda zake. Nikabonyeza. Haikurudi. Damian, mtunza mashine, akapiga makofi: "Mama Kemilembe, umefuta vita!"

Kisha ukaja ugonjwa ambao hatukuutaja. Damian akaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu juani. Aliponiona namtazama, alisema ni upele wa zamani. Tulimzika kwao Kishanda kwenye mvua, na nafasi yake haikupata mtu. Dereva wa hospitali alikuja tu kumwaga dizeli na kuondoka.

Wiki mbili baadaye taa iliwaka. Nikabonyeza, ikazima. Kesho yake niliikuta imewaka tena, inaningoja.

Siwezi kusema sikujua. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Sista Benigna, mkuu wetu. Alikuwa na barua mkononi: wageni waliotuletea dawa walikuwa njiani. "Mama Kemilembe," akasema kabla sijafungua mdomo, "watu wanasema hapa ni mahali pa kufia. Wageni wasikute hata doa."

Nikarudi na ufagio wangu. Binti yangu Kemilembe alikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alikwisha sema mtoto atatolewa kwa kisu. Nikisema, watafunga chumba cha upasuaji, na barabara ya Bukoba mvua ilikuwa imeikata. Hivyo ndivyo nilivyojipa sababu. Kila asubuhi nilibonyeza, kisha nikapangusa kioo cha taa kwa kitambaa chenye maji, kama mtu anayeondoa vumbi. Wageni walikuja, wakasifu usafi, wakaondoka. Niliendelea kupangusa.

Ilikuwa saa nane mchana, wingu limeshuka mpaka mchana ukawa kama jioni. Kemilembe alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Mimi nilisimama ukumbini na shuka zilizokunjwa, nikisikiliza mashine ya kwanza ikinguruma. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Nikangoja ile ya pili.

Mvua tu juu ya mabati. Ndani daktari akaita, "Taa! Leteni tochi!" Shuka zilianguka, nikakimbia kibandani. Nyekundu. Nikabonyeza. Ikazima, ikarudi hata kabla sijaondoa kidole.

Adventina alizaliwa kwa mwanga wa tochi ya dereva. Mama yake alivuja damu, na mashine ya kuifyonza ilikuwa kimya, na daktari alikuwa akishona asichokiona.

Msibani watu walinong'ona: naye pia, masikini, ugonjwa uleule. Miaka ile kijana akifa hapakuwa na swali. Sikuwakatalia. Uvumi ule ulinifaa kama blanketi, nikalala chini yake miaka thelathini. Mjukuu wangu amekua nao. Amepima mara tatu. Kila mara majibu ni salama, na kila mara huyakunja na kuyaweka kwenye mkoba kana kwamba yatabadilika.

"Bibi? Nifute?"

"Futa mara moja. Kisha tungoje."

Akacheka, akabonyeza. Mstari ukatoweka. Akataka kufunga kompyuta. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Chai ilikuwa inapoa. Nje jirani aliita mbuzi wake.

Mstari mwekundu ukarudi.

"Ajabu," Adventina alisema, akisogea karibu. "Kumbe ni kosa la leo."

"Mpigie fundi mwenzako," nikamwambia. "Mpigie sasa hivi. Ukimaliza, uje ukae hapa. Mama yako hakufa kwa ugonjwa ule."