Asipokataa, Endelea

"Sasa Mama Wavinya, hiyo akili ya kompyuta ikikosea, nani huchapwa?"

Nthiwa, jirani wao, aliuliza hivyo siku moja alipokuja kuazima jembe, na Kanyiva akacheka mpaka akashika mbavu. Wakati huo kazi ya binti yake ilikuwa mpya, na hapo Kambu kila mtu alikuwa na swali lake.

Wavinya alikuwa amemweleza mama yake polepole. Kuna watu wananunua na kuuza pesa za nchi za nje kwa mtandao. Hawakai hapo kubonyeza, wana programu za kuwafanyia biashara. Na siku hizi hata kuiwasha hiyo programu sokoni si kazi ya mtu tena. Kuna wakala, akili ya kompyuta inayosoma maelezo na kuyafuata. Maelezo hayo ndiyo aliyoandika Wavinya, mezani, kando ya Biblia na kopo la sukari.

"Kwa hivyo unaandikia kitu kisicho na roho," Kanyiva alisema.

"Lakini kinasoma kuliko washirika wenu wa kanisani, mwaitu," Wavinya akamjibu mama yake. "Hakiruki hata mstari."

Jumatano moja Wavinya hakugusa chakula. Mteja wao mmoja wa Emali, mama anayeitwa Bilha, alikuwa ameenda mazishini Zombe, akazima simu. Wakala akamwandikia: niwashe programu? Hakujibiwa. Akaiwasha. Bilha aliporudi jioni, karo ya watoto wake ilikuwa imeliwa na soko. Sasa Githaiga, mwenye kampuni, alikuwa amemlaumu Nzomo, fundi aliyetengeneza programu, baba wa watoto wawili. Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kazini.

"Nzomo alikosea wapi?"

Wavinya akamgeuzia kompyuta. Kanyiva akavaa miwani, akafuata maneno kwa kidole: *Muulize mwenye akaunti. Asipokataa, endelea.*

"Nani aliandika hapa?"

"Ni mimi. Na hakuna anayejua. Wote wanaangalia programu, hakuna mtu anaangalia maelezo."

Kanyiva akasoma tena. Alijua maneno yale yalikotoka. Kanisani kwao mzee huuliza, "Kuna mwenye neno?" Viti vikinyamaza, karani anaandika: tumekubaliana. Na karani, mwaka wa pili sasa, alikuwa Wavinya.

Akavua miwani.

"Baba yako alipozikwa, ndugu zake walikaa hapo nje. Wakauliza kama kuna mtu anapinga shamba la mtoni liende kwa mkubwa wao. Nilikuwa na wewe mgongoni. Sikupinga. Wakasema nimekubali."

"Mwaitu! Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Ulikuwa mtoto, na wale ni baba zako."

Wavinya, mkubwa vile alivyo, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Kanyiva akampapasa nywele. Hakumwambia afanye nini. Aliomba tu moyoni, kwamba Mungu ampe huyu mtoto sauti, maana yeye, siku yake ilipofika, sauti ilimkosa.

Ijumaa asubuhi Githaiga, akielekea Mombasa, alisimamisha gari kando ya barabara, akaingia na bahasha mkononi.

"Mama, hii chai yako itanichelewesha Mombasa."

"Kunywa. Mombasa haihami."

Akacheka, akasukuma bahasha mezani. "Mkataba wa mwaka mzima. Maelezo ya huyu binti, hata nyanya yangu kule Nyeri angeyafuata."

"Na Nzomo?" Wavinya akauliza, macho kwenye bahasha.

"Nzomo anafunga virago leo. Usijisumbue na yake."

Ulimi ulimwasha Kanyiva. Yeye ndiye aliyekuwa akimsemea huyu mtoto tangu kliniki, mpaka kwa mwalimu mkuu, mpaka kwa chifu. Akaushika ulimi wake. Chai ya mgeni ikaanza kushika utando.

"Bwana Githaiga," Wavinya akasema, "programu ya Nzomo haikuwa na makosa. Wakala alifanya vile maelezo yalivyosema. Na ile sentensi niliandika mimi."

Akamwonyesha. Githaiga akaisoma akiwa ameinama, kikombe hewani.

"Mbona hukusema Jumatano?"

"Niliogopa."

Githaiga akaweka kikombe chini, akatoa simu. "Nzomo? Fungua hivyo virago. Ndio. Kosa si lako, na mimi nilikukosea. Nikirudi tutaongea." Kisha akatoa mkataba, akakata maneno *mwaka mmoja*, akaandika juu yake *miezi mitatu*.

"Siku utakayokosea ndiyo siku utakayoniambia. Na yule mama wa Emali, pesa zake nitarudisha, lakini utampigia wewe, umweleze."

"Nitampigia."

"Haya. Andika upya nikiona."

Wavinya akaweka vidole kwenye kompyuta. Akainua macho kumtazama mama yake, vile alivyokuwa akimtazama zamani akisahau aya ya moyoni mbele ya kanisa, akingoja midomo ya mama imtangulie.

Kanyiva alikuwa na maneno tayari. Akachukua chupa ya chai, akainuka, akatoka nje, akamwachia mtoto atafute yake mwenyewe.